Mzima wa Nyumba ya Kangas

Mgonjwa wa nyumba ile alijulikana. Alikuwa Rudy Kangas. Mkono wake wa kulia ulianza kucheza wakati wa kuwinda paa, akasingizia baridi. Kiangazi kikaja, jua likawaka juu ya Ziwa Superior, kaskazini mwa Marekani, na mkono ukaendelea kucheza vilevile. Kisingizio kikaisha. Daktari akautaja ugonjwa kwa jina lake, Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, akasema utakwenda taratibu lakini hautarudi nyuma.

Rudy alikuwa dereva wa greda la kusukuma theluji. Maisha yake yote ya kazi aliamka kabla ya mtu yeyote pale Alder Falls, akafungua barabara ili wengine waende makazini na watoto waende shule. Katikati ya tufani ya theluji aliweza kupitisha lile bapa la chuma kando ya uzio wa mtu bila kuukwaruza. Sasa kikombe cha kahawa kilimshinda. Mkewe alianza kumjazia nusu tu, bila kusema neno, naye akanywa bila kusema neno.

Mkewe huyo, Marlys, ndiye aliyekuwa mzima. Kila mtu alisema hivyo. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mcheshi, mpishi wa shule ya pale kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto aliowapikia walikuja kumletea watoto wao awapikie. Jumapili baada ya ibada, watu wakinywa kahawa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, wanawake walimshika Rudy mkono, wakautazama unavyocheza, kisha wakamgeukia Marlys.

"Una bahati, Rudy. Unaye huyu."

"Bahati gani?" Marlys alikuwa akijibu. "Zamani nilikuwa namwomba acheze dansi, hataki. Sasa anacheza peke yake."

Watu wakacheka, na Rudy akacheka zaidi ya wote.

Mambo ya bima yaliingia nyumbani mwao baada ya msiba wa jirani yao, Onni Salmela. Onni alipigwa na kiharusi, akalala katika nyumba ya wazee miaka kadhaa kabla ya kufa. Kule kwao serikali humtibu mzee akiugua, lakini kuogeshwa, kulishwa, kuvalishwa na kugeuzwa kitandani mwaka baada ya mwaka ni juu yako mwenyewe, mpaka mali yako imalizike kabisa. Ikishamalizika ndipo serikali inakuja. Mke wa Onni aliuza msitu wao, akauza mashua, mwisho akauza nyumba. Siku ya maziko alirudi kwenye chumba cha kupanga juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Rudy alimsindikiza mpaka kwenye ngazi. Kisha akarudi kwenye pikapu, Marlys akiwa kwenye usukani, wakaenda nyumbani.

"Sitaki ufike pale," Rudy alisema walipofika.

"Wapi?"

"Juu ya duka."

Kesho yake akampigia simu Doreen Tolonen, wakala wa bima.

Doreen alikuwa mmoja wa watoto waliokula chakula cha Marlys shuleni, na hakuwahi kujifunza kumwita kwa namna nyingine isipokuwa Bi. Kangas. Aliichukua shughuli ile kama ya mama yake. Alizunguka kwenye kampuni zote zinazouza bima ya matunzo ya uzeeni, akauliza moja baada ya moja, kisha siku moja ya mvua akaja mwenyewe, akaketi jikoni mbele ya mkate mtamu wa iliki ambao Marlys alikuwa ameutoa kwenye oveni.

"Mzee Kangas, sitakuzungusha," alisema. "Ukitaja ugonjwa huo tu, mlango unafungwa. Bima hii wanamuuzia mtu ambaye bado haihitaji. Mngekuja kabla mkono haujaanza, tungepata."

"Kwa hiyo moshi ukishaonekana, hamuuzi bima ya moto."

"Ndivyo. Samahani sana."

Rudy alitikisa kichwa. Alikuwa ameshajua.

"Ila kuna njia ya pili," Doreen akaendelea. "Tumkatie bima Bi. Kangas. Akiba mliyonayo itumike kukutunza wewe wakati ukifika, usione vibaya. Halafu yeye, akizeeka hana mtu, bima itamtunza. Hataishi juu ya duka."

Marlys alicheka mpaka akashika meza. "Mimi? Mimi ni mzima kama ng'ombe wa maonyesho! Hao watu watapata hasara."

"Watu kama wewe ndio wanaowataka," Doreen akasema, naye akicheka. "Watakuletea muuguzi, aongee nawe kidogo. Atakupima shinikizo la damu, atakuangalia unavyotembea, atakupa na maneno machache ukumbuke. Hakuna zaidi."

Rudy alikuwa anamtazama mkewe. Aliuona uso wake ukibaki na kicheko kama kawaida, lakini mkono uliokuwa unakata mkate ulisimama, kisu kikiwa nusu ya njia.

"Maneno gani?" Marlys akauliza.

"Ya kawaida tu. Usijali."

Kisu kikashuka. Doreen akala, akasifu, akaenda zake. Baadaye Rudy alichukua kipande chake, akatafuna mara moja, akakitoa mdomoni. Mkate ulikuwa umejaa chumvi. Doreen alikuwa amekula kipande kizima bila kukunja uso.

Hapo ndipo Rudy alipolazimika kuyatazama mambo aliyokuwa akiyasukuma kando. Binti yao Gail, aliyeishi Green Bay, alikuwa amewahi kumwambia kwenye simu, "Baba, Mama amenipigia mara mbili leo, na mara zote mbili ameniambia habari ileile ya kuku wa Bi. Jarvi." Rudy alimkaripia. Kwani mtu mzima harudii habari? Tena kulikuwa na ile birika aliyoikuta kwenye moto, imekauka, inanuka chuma. Na kulikuwa na siku ile ya theluji ya kwanza, pale njia panda ya barabara kuu. Marlys alisimamisha pikapu kama inavyotakiwa, akatazama kushoto, akatazama kulia. Barabara ilikuwa tupu. Akatazama tena kushoto. Injini ikanguruma pale mpaka kioo cha mbele kikaanza kufunikwa.

"Tunamngoja nani?" Rudy alimuuliza.

"Naangalia tu theluji ilivyolala vizuri," alijibu, akakata kona. Akakata upande usio wa nyumbani.

Siku ile Rudy alimwacha aendeshe kitambo, kisha akasema kwamba angependa wapitie njia ya ziwani. Marlys akageuza gari kwa furaha, kana kwamba wazo hilo lilikuwa la matembezi. Maji yalikuwa meusi, yanapiga miamba kwa nguvu, na Rudy aliyatazama ili asimtazame yeye. Alijiambia kwamba nyumba moja haiwezi kupewa magonjwa mawili. Aliliamini hilo kwa sababu alilihitaji.

Jumamosi, siku chache kabla ya muuguzi kuja, walikuwa kwenye sauna yao, kile kibanda cha kuogea mvuke, nyuma ya nyumba. Mle ndani, katika giza la mvuke, waliwahi kuzungumza mambo yote makubwa ya ndoa yao, tangu mimba ya Gail hadi kifo cha mama yake Rudy. Rudy akaona hapo ndipo pa kujaribu.

"Hebu tucheze," akasema. "Nakutajia vitu vitano. Shoka, limau, treni, kofia, daraja. Tukishapiga maji mara moja unirudishie."

"Mchezo wa watoto huo."

Akachota maji, akamwaga juu ya mawe ya moto. Mvuke ukapanda, ukawafunika. Waliposikia mawe yametulia, Rudy akangoja.

"Shoka," Marlys akasema. "Shoka, na... la kukatia kuni."

"Hilo ni shoka lilelile, mama."

"Najua ni lilelile!" Sauti yake iliruka juu ghafla. "Unanipima kama mtoto wa shule? Wewe unayemwaga kahawa kama mtoto wa kunyonya, ndiye wa kunipima mimi?"

Hakuwahi kumtupia neno kama hilo. Rudy aliukalia mkono wake wa kulia ili utulie. Baada ya muda alimsikia mkewe akivuta pumzi ndefu, na bega lake likaja likaegemea lake.

"Tumwambie Doreen aache," Rudy akasema taratibu. "Tutaishi tu. Kampuni ikikukataa jina lako linabaki kwao, kila ukienda wataliona. Tukiacha sasa, hakuna atakayejua kitu."

"Hapana."

"Marlys..."

"Nimesema hapana. Muuguzi aje."

Rudy hakuelewa kwa nini aling'ang'ania. Alidhani ni ukaidi, ule wa watu wa kwao, na moyoni akaanza kutumaini kwamba pengine ana hakika na nafsi yake, pengine ni uchovu tu, pengine ni huzuni ya ugonjwa wake yeye Rudy iliyomchanganya mama wa watu. Alilala na tumaini hilo, akaamka nalo.

Muuguzi alikuja asubuhi yenye upepo. Jina lake Paulette, mwanamke mpole mwenye miwani, mashavu mekundu kwa baridi. Alimwomba Rudy awaachie jikoni, kwa kuwa ndiyo sheria. Rudy akaenda chumba cha pili, akakaa na mbwa wao, Pepper, mlango akiuacha wazi kidogo.

Mwanzo ulikwenda vizuri kupita kiasi. Shinikizo la damu lilikuwa la msichana. Marlys alitembea mpaka dirishani akarudi kwa madaha, akimwiga mlimbwende, na muuguzi akacheka. Kisha Paulette akaanza kumtajia maneno, moja moja, akimwomba alitie kila neno kwenye sentensi. Nanga. Siagi. Ngazi. Tarumbeta. Shati. Yalikuwa kumi. Marlys alijibu haraka, kwa vichekesho: siagi ndiyo iliyomfanya Rudy amuoe, ngazi ndiyo iliyomwangusha pasta wakati wa kupamba kanisa. Rudy alisikia kicheko cha muuguzi, naye akatabasamu peke yake, akamkuna mbwa masikio.

Kisha wakazungumza mengine. Kama anaoga mwenyewe. Kama anapika. Kama amewahi kuanguka.

"Vizuri," Paulette akasema. "Sasa, Bi. Kangas, yale maneno niliyokupa. Niambie unayoyakumbuka."

Upepo ulikuwa unagonga kidirisha cha juu. Rudy aliyahesabu maneno kichwani, yote kumi, yamejipanga kama gari moshi.

"Siagi," Marlys akasema.

"Vizuri sana."

"Siagi..." Kiti kililia. "Siagi."

"Usiwe na haraka."

Rudy alijikuta amesimama, mkono umeshika mwimo wa mlango, unaugonga kwa kutetemeka kwake.

"Nanga!" akasema kwa sauti. "We Pepper, nanga! Njoo hapa! Nanga na ngazi!"

Kisha Paulette akasema, bila ukali, "Bwana Kangas, huyo mbwa nanga anaitakia nini?"

Marlys hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo, ya adabu, ambayo Rudy hakuwahi kuisikia kwake, "Samahani, mama. Ulinipa maneno gani?"

Muuguzi alifungasha vitu vyake taratibu. Mlangoni alimshika Marlys mkono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumuaga mtu. Rudy alimtazama akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake, anakwangua palepale palipokwisha takata.

Doreen alirudi baada ya wiki kadhaa. Hakupiga simu kwanza. Alisimama mlangoni, theluji imemjaa mabegani, na Rudy alipoyaona macho yake akajua.

"Wamekataa," Doreen akasema.

"Mimi walishanikataa," Rudy akajibu. Alijua alichokuwa akikifanya. Alitaka kulichelewesha lile jingine, hata kwa nukta moja.

"Si wewe, Mzee. Ni Bi. Kangas."

Marlys alikuwa kwenye sinki, amewapa mgongo. Alizima maji. "Keti, mwanangu," alimwambia Doreen. "Utalowesha sakafu."

Wakaketi. Doreen aliwaeleza kila kitu, machozi yakimlengalenga. Kulikuwa na bima nyingine, ndogo, ya matunzo ya mwaka mmoja tu, ambayo haipeleki muuguzi. Inauliza maswali machache: kama unatembelea kiunzi cha kujishikiza, kama daktari amewahi kukugundua una ugonjwa wa kutetemeka au wa kusahau.

"Kuhusu Marlys, daktari hajasema kitu," Rudy akadakia. "Tukisema hapana?"

"Mzee Kangas, watawachukulia pesa kila mwezi, tena kwa tabasamu. Siku mkija kudai, watafungua habari zote za hospitali na za kampuni hii iliyokataa, wataona mlificha. Hamtapata hata kidogo. Sitawauzia kitu cha namna hiyo. Siwezi."

"Basi tufanye nini?"

"Nendeni kwa daktari. Halafu kwa mwanasheria wa mambo ya wazee, mapema, wakati Bi. Kangas anaweza kuweka sahihi na kujua anachokisaini. Mjue nyumba italindwa vipi. Na Gail mwambieni leo, siyo kesho."

Alipoondoka, Rudy alibaki ameinamia meza. Mikono yote miwili ilikuwa inacheza sasa. Siku za wasiwasi hata ule wa kushoto ulijiunga. Marlys alivuta kiti, akaifunika kwa yake, iliyokuwa na joto la maji ya vyombo.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu wakati wa mahindi. Nilikwenda bustanini nikasahau nimefuata nini, nikasema sawa, watu wote husahau. Kisha nikageuka kutazama nyumba, Rudy, na sikujua ni ya nani." Akaibana mikono ya mumewe. "Ilikuwa kidogo tu. Ikarudi kuwa yetu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kila mtu anakupongeza kwamba unaye Marlys. Nikasema aje mtu baki, anipime, aseme yeye. Wewe usingesema hata ningekuvisha suruali kichwani."

Rudy alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Akainamisha uso kwenye mikono ya mkewe.

Daktari alisema yale ambayo Paulette alikuwa ameshayasema kwa kukwangua kioo. Gail alikuja kutoka Green Bay, akalia, akafua mapazia yote ya nyumba, akagombana na baba yake kuhusu funguo za pikapu, akashinda. Mwanasheria aliwasaidia kuandika ni nani ataamua mambo wao wasipoweza. Waliuza kibanda chao cha uwindaji. Nyumba ya wazee ya kanisa iliwaandika kwenye foleni, lakini mama msimamizi alisema wazi kwamba hana chumba cha watu wawili, na kwamba hata chumba kikipatikana, anayetangatanga hukaa upande wake, wenye mlango wa kufungwa, na anayetetemeka hukaa upande wake.

"Kwa hiyo mtatutenganisha," Rudy akasema.

"Mtakuwa mnakula pamoja, Bwana Kangas."

Wakarudi nyumbani. Wakaishi kama walivyoweza: miguu ilikuwa ya Marlys, akili ilikuwa ya Rudy. Yeye anasema chumvi iko wapi, mwenzake anaifuata. Yeye anasoma jina la dawa, mwenzake anafungua kifuniko. Zilikuwepo siku nzuri, na siku nzuri ndizo zilizomtisha Rudy zaidi, maana alisahau kukaa macho.

Baada ya siku moja kama hiyo, Rudy aliamka na kukuta upande wa pili wa kitanda ni wa baridi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, theluji imeingia mpaka kwenye zulia. Alipojaribu kukimbia miguu iliganda, kama ilivyozoea kumfanyia kwenye vizingiti. Alisimama pale ameshika ukuta, akili inakimbia, mwili haumfuati, akipiga kelele jina la mkewe kwenye uwanja mweupe usiomjibu. Zilikuwepo nyayo. Upepo ulikuwa unazifukia mbele ya macho yake.

Mama anayesambaza barua ndiye aliyempata, nyuma ya shule, kwenye mlango wa jiko. Alikuwa amevaa gauni la kulalia na viatu vya ndani, anagonga mlango uliofungwa, anagonga tena, akisema watoto watafika sasa hivi na uji bado. Vidole vilikuwa vimegandishwa na baridi; hospitali iliviokoa vyote isipokuwa kimoja cha mguu.

Gail alinunua komeo kubwa la chuma, akasema atakuja Jumapili kulifunga. Rudy hakutaka kungoja Jumapili. Alitoa drili, akasimama mbele ya mlango wa jikoni, akajaribu kuweka alama kwa penseli. Penseli ilichora mistari huku na huku kama kazi ya mtoto. Akaokota skrubu, ikamponyoka, ikabingirika chini ya jiko.

"Hebu lete," Marlys akasema nyuma yake.

Alikuwa amesimama na bandeji yake ya mguu, macho yake maangavu, ya zamani. Alichukua drili mkononi mwa mumewe kwa uzoefu wa mtu aliyetengeneza nusu ya vitu vya nyumba ile.

"Unajua komeo ni la nini?" Rudy akamuuliza. Hakutaka kuuliza, lakini hakuweza kumwacha afanye kazi ile bila kujua.

Marlys aliliegemeza komeo pale kwenye alama za penseli, akanyoosha mkono, vidole vikaligusa kwa urahisi.

"Hapa nafika," akasema. "Lete kiti. Tuliweke juu zaidi."

Rudy alileta kiti. Marlys akapanda, akatoboa matundu, akakaza skrubu zote barabara, akimnyooshea mumewe kiganja kila alipohitaji nyingine. Rudy alimshika kiuno kwa mikono yote miwili asije akaanguka. Mikono ilikuwa inatetemeka, na kiti nacho kikatetemeka chini ya miguu yake, mpaka alipomaliza.